Waifai Inapokatika-katika: Tuangalie Nini Kabla ya Kuomba Ruta Mpya



Katika barua zinazofika ofisi ya miradi, ombi moja hujirudia: "Ruta imekufa, tunaomba nyingine." Mara nyingi ruta ya usharika hukaa nyumbani kwa mchungaji, na kwa hiyo hiyo hutumwa taarifa za fedha na picha za miradi. Inapoyumba, taarifa huchelewa, na mfadhili aliye mbali hawezi kujua kama ni uzembe au ni mtandao. Na ruta mpya hununuliwa kwa fedha ileile ya miradi. Ndiyo maana tumeona vema somo la robo hii liwe juu ya jambo hili.

Kwanza tuelewe kwamba njia ni mbili. Intaneti huingia nyumbani kwa laini ya simu iliyomo ndani ya ruta, au kwa waya wa kampuni. Kisha ruta huisambaza vyumbani kwa mawimbi ya redio, na hiyo ya pili ndiyo waifai. Kuzitenganisha ni rahisi: chomekeni kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Ikienda vizuri kwa waya na kukatika bila waya, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikikatika hata kwa waya, angalieni kama kifurushi hakijaisha, kisha pigieni kampuni inayowahudumia. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Ruta mpya isingesaidia kitu siku zile.

Tatizo likiwa la ndani, tunaanza na mahali ilipowekwa. Tumekuta ruta imefungiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na vitabu vya stakabadhi, kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini chuma huzuia mawimbi. Bati huzuia vilevile, na tangi la maji pia; ukuta mnene wa mawe au zege huyadhoofisha. Wekeni ruta mahali pa juu na pa wazi, mbali na jokofu, na wezi wazuiwe na nondo za dirisha. Kwa ruta ya laini ya simu kuna mvutano: laini inataka dirisha linaloelekea mnara, na nyumba inataka ruta ikae katikati. Sisi tunashauri dirisha lishinde, kwa kuwa kisichoingia hakiwezi kusambazwa. Ofisi ikiwa upande wa pili wa nyumba, vuteni waya hadi kwenye kompyuta. Ni bei ndogo kuliko ruta.

Ruta nyingi sasa hutoa masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila yamejaa majirani, na hata jiko la maikrowevu huyavuruga. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini huishiwa nguvu haraka ukutani. Mjini, nyumba zilipobanana, ingieni kwenye mipangilio (anwani huandikwa kwenye kibandiko cha ruta) mchague chaneli 1, 6 au 11 ambayo majirani hawaitumii sana. Vijijini irukeni hatua hii.

Chaja nayo iangaliwe. Ikibadilishwa, volti ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zisipungue.

Kisha lipo jambo ambalo kamati huona haya kulisema. Neno la siri likishapita kwa wanakwaya wote, jioni ya mazoezi video hushushwa mpaka taarifa ya mhazini inakwama. Hatushauri vijana wafukuzwe. Badilisheni neno la siri, na kama ruta inaruhusu, wafungulieni mtandao wa wageni wenye kikomo.

Kuanzia sasa kila ombi la ruta liambatane na karatasi ya siku saba: saa intaneti ilipokatika, kama ilikatika hata kwa waya, taa zipi ziliwaka kwenye ruta, na kama umeme ulikuwapo. Karatasi hiyo ipitie ofisi ya jimbo.