Hamu ya Sigara Huja na Hupita

Wavutaji wengi wa sigara wanataka kuacha. Wengine huacha siku mbili, kisha hurudia. Majirani husema, "Hana nia huyo." Lakini nia peke yake haitoshi. Inafaa tumjue adui tunayepigana naye.

Adui huyo ni nikotini. Nikotini imo katika tumbaku yote: sigara, kiko, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Mtu akivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hivi. Mvutaji hujisikia vizuri. Baada ya saa moja au mbili, nikotini hupungua mwilini. Mwili uliozoea huanza kuidai. Hiyo ndiyo hamu. Mvutaji hukasirika upesi na hukosa utulivu. Akivuta tena, hutulia. Hudhani sigara imemsaidia. Kumbe sigara ndiyo iliyomletea taabu hiyo!

Hamu ina nyakati zake. Huja baada ya chakula, wakati wa kunywa kahawa au pombe, na tunapokaa na wavutaji wenzetu.

Kumbuka jambo hili: hamu haidumu. Hupanda, kisha hushuka. Mara nyingi hupita baada ya dakika chache, hata kama hukuvuta. Siku 3 za kwanza ndizo ngumu zaidi. Baada ya wiki 2 hadi 4, taabu hupungua sana.

Hamu ikija, fanya hivi:

1. Ngoja. Usivute sasa.
2. Kunywa maji polepole.
3. Shika kazi. Palilia, kata kuni au fagia uwanja.
4. Ondoka penye moshi. Waombe rafiki zako wasikupe sigara.

Ukiteleza, usikate tamaa. Anza tena siku hiyo hiyo. Wengi walioacha walijaribu mara nyingi.

Moshi wa tumbaku huleta saratani ya mapafu na ugonjwa wa moyo. Huwadhuru pia watoto wanaoishi na mvutaji. Ukiacha, unaiokoa nyumba nzima.

MASWALI

1. Kwa nini mvutaji hudhani kuwa sigara humsaidia?
2. Hamu huja nyakati gani?
3. Mtu huvuta sigara 5 kila siku. Kwa siku 30 huvuta ngapi? Hesabu fedha zake kwa bei ya dukani kwenu. Je, fedha hizo zingenunua nini?