Raha ya Leo na Raha ya Moyo

Katika mji wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, mna kata iitwayo Rahaleo. Ni jina tamu kulitamka. Lakini mwenye kutafakari hana budi kujiuliza: ikiwa raha ni ya leo, je, ya kesho itatoka wapi? Na hiyo ya leo yenyewe imo mikononi mwa nani? Maswali haya ndiyo tunayokusudia kuyaeleza kwa msaada wa Mwenyezi Mungu, hasa kwa ajili ya ndugu zetu waliofanya baiati karibuni, na kwa wale ambao wangali wanauchunguza ukweli wa Islam.

Matumaini yajayo na kuondoka

Watu wa Mtwara wameyaona mengi. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga. Bandari ikajengwa, na reli ikatandazwa kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na baada ya uhuru reli ikang'olewa. Leo limebaki jina tu: kata ya Reli ipo, reli yenyewe haipo.

Kisha likaja tumaini la gesi ya Mnazi Bay. Mwaka 2013 pakazuka ghasia kwa sababu ya bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam, hata roho za watu zikapotea. Na korosho, ambazo ndizo tegemeo la nyumba nyingi, nazo zina msimu wake wa kicheko na msimu wake wa kilio. Mwezi wa Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za wanunuzi, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Hata hivyo wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi.

Hatuyaandiki haya ili kumhukumu mtu yeyote. Twayaandika ili msomaji aone jambo moja: moyo uliofungwa kwenye bei ya mnada hupanda na kushuka pamoja na bei hiyo. Mwenye moyo wa namna hii bei ikiwa mbaya hapati usingizi kwa huzuni, na bei ikiwa nzuri hapati usingizi kwa kuhofu kwamba mwakani itakuwa mbaya.

Mafundisho ya Kurani Tukufu

Katika Sura Ar-Raad, aya ya 29, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba ni kwa kumkumbuka Yeye ndipo mioyo hupata utulivu. (Wenye Misahafu isiyoihesabu Bismillahi kuwa ni aya wataikuta katika aya ya 28.) Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni la asili moja na neno mutmainna, ambalo katika Sura Al-Fajr limetajwa kuwa sifa ya nafsi iliyotulia kwa Mola wake, yenye kumridhia naye akairidhia.

Angalia vema. Aya haikusema kwamba mioyo hutulia kwa wingi wa mali, wala haikusema kwamba hutulia kwa umaskini. Wako maskini wasio na utulivu hata kidogo, na wako matajiri waliojaliwa kuupata. Mtume Muhammad s.a.w. ameeleza katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kwamba utajiri si wingi wa vitu, bali utajiri ni ule wa nafsi. Kwa hiyo mwenye kuutafuta utulivu ghalani anautafuta mahali ambapo haukuwekwa.

Pete ya Seyidna Ahmad a.s.

Huenda mtu akasema: "Haya ni maneno mazuri, lakini mwenye watoto wenye njaa atayashikaje?" Basi na autazame mwaka 1876. Mwaka huo, katika kijiji cha Qadian huko India, Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., alijulishwa na Mwenyezi Mungu kwamba kifo cha baba yake kimekaribia. Baadhi ya mapato ya nyumba yao yalitegemea uhai wa mzee huyo. Kwa desturi ya kibinadamu likamjia wazo: sasa tutaishije? Hapo hapo akateremshiwa maneno ya Kiarabu, ambayo yamo pia katika Sura Az-Zumar, yanayouliza iwapo Mwenyezi Mungu hamtoshi mja Wake. Moyo wake ukatulia. Akamtuma Mhindu mmoja wa Qadian aende mji wa Amritsar ili maneno hayo yachongwe katika kito cha pete.

Zingatia kwamba wasiwasi ulimjia hata yeye. Kupatwa na wasiwasi si dhambi. Neno kubwa ni mahali tunapoupeleka. Yeye aliupeleka kwa Mola wake, na mtu aliyekuwa akiwaza chakula cha nyumba yake akajaliwa baadaye kuwa na jiko lililolisha wageni wengi waliomjia Qadian. Jamaa waliomwona kijana asiyejua mambo ya dunia hawakulitazamia hilo.

Kuishi kwa kiasi

Imani hii huonekana katika matumizi. Mtume s.a.w. alilalia tandiko la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende, hali Bara Arabu ilikwisha mtii. Na mwaka 1934, Jumuiya yetu ilipopatwa na upinzani mkali huko India, Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. alianzisha Tahrik-i-Jadid. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyowataka Waahmadiyya ni kuishi maisha sahili: mlo uwe wa chakula cha namna moja, mavazi yawe ya kiasi, na vyombo vya dhahabu visinunuliwe ovyo. Kilichookolewa jikoni kikasaidia kuupeleka ujumbe wa Islam katika nchi nyingi.

Sasa turudi nyumbani. Kila mtu wa Kusini analijua neno kangomba. Mkulima aliyebanwa na shida huziuza korosho zake mapema, zingali mtini, kwa bei ya kutupa. Wako wanaobanwa na ugonjwa au ada ya shule, na hao wanastahili kusaidiwa, si kulaumiwa. Lakini wako pia wanaobanwa na deni la sherehe. Msimu uliopita walicheza ngoma ya unyago au jando kwa siku kadhaa, wakapika mapochopocho, wakashona sare, kwa kuogopa swali moja tu: "Watu watasema nini?" Raha ikawa ya leo kweli, na deni likawa la mwaka mzima.

Twajua kwamba swali hilo ni zito kwa ndugu aliyejiunga karibuni. Akipunguza sherehe, wajomba na shangazi watasema kwamba dini mpya imemtoa katika ukoo. Na awajibu kwa upole, huku akizidi kuwatembelea, kuwauguza na kuwazika wafu wao. Wataona wenyewe kwamba aliloacha ni israfu, si udugu. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Furqan, imewasifu wasiofanya israfu wala ubahili, bali hushika njia ya katikati.

Je, kukinai ni uvivu?

La, hasha. Mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi mkulima na apalilie, apulizie salfa kwa wakati wake, na aidai haki yake kwa njia ya halali. Akisha kufanya hayo, bei aiache kwa Mola wake, na usiku alale.

Mambo ya kuanza nayo

Kwanza, sala tano zisimame kwa wakati wake, hata siku ya mnada. Pili, fedha ya msimu ikifika, itoe kwanza haki ya Mungu na haki ya wenye kukudai, kisha tenga chakula na ada za watoto, ndipo ufikirie mengine. Tatu, usikope kwa ajili ya sherehe. Nne, kila usiku kabla ya kulala taja neema tatu za siku hiyo na uzishukuru, kwani Mtume s.a.w. ametuelekeza tuwatazame waliopewa kidogo kuliko sisi, tusije tukaidharau neema tuliyo nayo.

Mwenye kudumu katika haya ataona kwamba raha ya moyo haingoji korosho zipande bei. Huanza leo, na kesho huwa ipo.

Mwenyezi Mungu atujalie nafsi zilizotulia, atuepushe na madeni na israfu, na atutosheleze kwa fadhili Zake. Amin.