ZAMANI HIYO NI MWAKA GANI?



Muhula huu tulikuwa na mdahalo wa shule uliosema kwamba vijana wa siku hizi wameyaacha mavazi ya heshima ya zamani. Wasemaji walijitahidi sana na makofi yakapigwa, lakini mimi nilibaki na swali moja ambalo sikupata nafasi ya kuliuliza: zamani hiyo ni mwaka gani? Maana kila msemaji alitaja "zamani" kana kwamba ni kijiji chenye mipaka yake, ambacho sote twakijua. Basi nikaingia maktaba, nikawauliza na walimu wa historia, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa yawafae wenzangu, hasa wa kidato cha tatu ambao watarithi mdahalo huo mwakani.

Tuanze Unguja. Katika karne ya 19 nguo ya mtu ilikuwa kama hati yake. Mwanamke mtumwa alivaa merikani, kitambaa kisicho na nakshi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, na ndiko kilikopata jina lake. Au alivaa kaniki, yaani kitambaa hicho hicho kilichotiwa rangi nyeusi. Shela na viatu vilikuwa vya waungwana. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria, na watu waliokuwa watumwa wakaanza kununua kanga za maua, na baadaye wanawake wakavaa hata buibui. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alizaliwa Fumba katika jamaa ya watumwa. Leo tukiiona kanga twasema ni vazi la heshima la bibi zetu. Ni kweli. Walakini kwa wale wa kwanza ilikuwa ni kujitangaza: nitazameni, mimi si mtumwa wa mtu. Hapana shaka walikuwako wazee waliotikisa vichwa na kusema kwamba dunia imeharibika.

Sasa tuje bara, mwaka 1968. Habari hii ndiyo iliyonishangaza kupita zote. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi, kwamba havipatani na utamaduni wa taifa. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Vijana, nayo ilitakiwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Lakini kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana yalianza kuwasumbua wanawake Kariakoo kwa sababu ya nguo zao, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Watu wakaandika barua nyingi magazetini, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Baadhi ya waliopinga waliuliza jambo ambalo mpaka leo sijaona jibu lake: ikiwa kimini ni cha kigeni, je, suti na tai za waheshimiwa zilishonwa na mababu gani?

Tena, katika miaka hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1967, kulikuwa na operesheni nyingine huko Umasaini. Wamasai walitakiwa waache lubega na kujipaka ngeu, wavae suruali na mashati kama watu wa maendeleo. Msomaji, soma tena taratibu. Msichana wa Dar es Salaam aliambiwa avue kwa kuwa amevaa kizungu mno, na mzee wa Kimasai akaambiwa avae kwa kuwa hajavaa kizungu vya kutosha! Mimi sidai kwamba nia ya viongozi hao ilikuwa mbaya. Nchi ilikuwa changa, nao walitaka isichekwe. Lakini mtu akitaka kujua kama sheria ya mavazi ina msingi, na aziweke operesheni hizi mbili juu ya meza moja. Leo Mmasai hupita kituo cha mabasi hapa Chimala na shuka lake jekundu, hakuna amshangaaye, na wageni humwomba kupiga naye picha.

Jirani zetu nao hawakuachwa nyuma. Mtu akipanda basi hapa asubuhi aweza kufika mpaka wa Malawi pale Kasumulu siku ile ile. Huko, wakati wa Rais Kamuzu Banda, ilitungwa sheria mwaka 1973 iliyomkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi inayoonyesha magoti, na mwanamume kufuga nywele ndefu. Ilidumu kama miaka ishirini, kisha ikafutwa. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku vimini mwaka 1972. Na ili tusidhani kwamba ni Afrika tu, mji wa Paris ulikuwa na amri ya mwaka 1800 iliyomtaka mwanamke apate kwanza kibali cha polisi ndipo avae suruali. Amri hiyo ilikuwa imesahaulika siku nyingi, lakini serikali ya Ufaransa ilikuja kutamka rasmi kwamba haina nguvu tena mwezi wa Januari 2013. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuzaliwa.

Ziko sheria nyingine ndogo ndogo ambazo hazikuandikwa na serikali yoyote. Mkoba ufanane na viatu. Mnene asivae mistari ya kulala. Mweusi asivae njano wala nyekundu. Hii ya mwisho huniudhi, maana mimi ni mweusi na rangi ya njano naipenda. Nenda siku ya mnada utazame mitumba inavyomwagwa chini juu ya turubai: koti la bwana wa Ulaya hununuliwa na mama wa kuuza viazi, naye hulivaa juu ya kitenge, na humkaa vizuri kuliko alivyokaa nalo mwenyewe.

Nimetaja koti kwa sababu. Sisi wa Chimala twakaa chini ya mlima. Barabara ya kwenda Matamba hupanda kwa kona zaidi ya hamsini, na kule juu, kuelekea Kitulo, mwezi wa Juni na Julai asubuhi hukuta umande umeganda juu ya majani. Watu hushuka na magari ya viazi wakiwa na masweta mawili, kofia za sufu na mabuti, wakafika hapa saa sita mchana sisi tukiwa na mashati mepesi. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amevaa mahali alipotoka.

Mama yangu hulima mpunga. Awapo kwenye majaruba, huvaa suruali kuukuu ya baba na shati la mikono mirefu, kwa sababu majani ya mpunga hukata ngozi, na kanga ikilowa maji hukwama miguuni. Wanawake wengi wa Usangu hufanya hivyo. Siku moja mwaka jana alipigiwa simu afike upesi katika ofisi fulani, ambayo sitaitaja, kuhusu karatasi zangu za shule. Alitoka shambani moja kwa moja. Kijana wa mlangoni akamwambia, "Mama, hapa huingii na suruali." Mama akajibu, "Baba, natoka kupalilia, na leo ndiyo siku ya mwisho." Kijana akaonyesha kidole picha za mavazi zilizobandikwa ukutani. Ikambidi mama aende kwa muuza maandazi ng'ambo ya barabara, akaazima kanga, akajifunga juu ya matope yale yale, akaingia. Karatasi zilipatikana. Aliponisimulia alicheka; mimi sikucheka. Alikuwa amevaa nguo iliyomfunika kuanzia shingo mpaka vifundo vya miguu. Ni nini kilichohitaji kufunikwa?

Mwalimu wa nidhamu asinielewe vibaya. Sijasema kwamba sheria zote za mavazi zitupwe. Sare ya shule naiona ina maana, kwa sababu ninapokaa darasani hakuna ajuaye baba yangu ana ng'ombe wangapi. Hata msibani, wanawake wa huku kwetu hujifunga kanga au kitenge, na sijapata kuona askari akisimama mlangoni kuwalazimisha. Twajifunga kwa kuwa yasema, "tumekuja kulia nanyi," na pia kwa kuwa kuna maji ya kuteka na kuni za kupasua. Sheria ya namna hiyo hulindwa na wenyewe wanaoivaa. Lakini ile inayohitaji kundi la vijana kituoni, kama yule mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani Nairobi mwezi wa Novemba 2014, mpaka wanawake wakaandamana barabarani kudai haki yao ya kuchagua wavae nini, hiyo ni haki tuulize ni ya nani, na yamfaa nani.

Vitabu nilivyovipata vyaeleza habari za Dar es Salaam na Umasaini tu. Sikuona hata ukurasa mmoja juu ya Mbeya wala Iringa katika mwaka 1969. Babu na bibi zetu waliokuwa vijana wakati huo wengine bado wapo, tena wana kumbukumbu nzuri. Nawaomba wanafunzi wenzangu, mkienda likizo, muwaulize walivaa nini siku za sikukuu, nani aliwakataza, na kama walitii. Yaandikeni na majina ya nguo jinsi wao walivyoziita, mkayakabidhi kwa Mhariri kabla ya wiki ya pili ya muhula ujao. Na aliye na picha ya zamani ya familia, aombe ruhusa ya kuileta. Itarudishwa salama.