Rumba kwa piano moja

Swali: Nilijifunza piano kanisani, hapa Bwiza, Bujumbura. Nikipiga rumba ya Kongo peke yangu inakuwa kama wimbo wa kubembeleza mtoto. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, sikiliza mkono wako wa kushoto. Nadhani unashika sauti tatu kwa pamoja kila pigo, kama kwenye tenzi. Katika bendi, besi haijazi kila pigo. Inaacha nafasi, na humo ndimo mchezaji anamopitisha kiuno. Basi piga noti moja, ruka, nyamaza kidogo, urudi. Toa mguu kwenye pedali, maana inafunika ukimya huo wote. Mkono wa kulia uwe gitaa: zitawanye zile sauti tatu noti baada ya noti. Ukifika sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu, shika kifungu kifupi ukirudie bila kuharakisha.

Mpiga piano Scott Joplin alifanya kazi hiyohiyo ya kugawa mikono huko Marekani kwa Maple Leaf Rag ya 1899: kushoto mwendo wa gwaride, kulia mapigo yanayoyumba. Karibu na kwetu yupo Ray Lema, Mkongo aliyezaliwa 1946, mpiga piano ambaye, kama wewe, alianzia muziki kwa kanisa, seminarini. Msikilize anapopiga peke yake, hasa kidole gumba cha kushoto.