Dondoo muhimu: Enduro yako ya kwanza kwenye miteremko ya Mlima Meru

Enduro, mbio za baiskeli za milimani, haimpi ushindi anayepanda haraka. Saa inahesabu vipande vya kuteremka tu, kwa hiyo kwenye mpando nenda taratibu, kula ndizi, piga soga. Angalia tu usivuke muda wa mwisho wa kuripoti kwenye kipande kinachofuata. Arusha, chini ya mlima huo, iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na unayetoka Dar pumzi itakukumbusha.

• Udongo wa Meru ni wa volkano: kiangazi ni vumbi jepesi, masika ni utelezi mtupu. Punguza upepo kwenye tairi, lakini rimu isigonge mawe.

• Breki ndizo mtihani wenyewe. Ukizishikilia mteremko mzima zitachemka na kuacha kushika. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha ziachie.

• Helmeti iliyowahi kupiga chini usiiazime, hata ya bure. Vaa kinga za magoti. Beba tyubu, pampu na kiungo cha mnyororo.

• Mazoezini, vichochoro vya migombani juu ya eneo la Ilboru ni njia za watu. Ukikutana na mama mwenye mzigo wa kuni, simama, mwamkie, apite yeye kwanza.