Visu vya Porini: Tazama Msuka Kabla ya Bei

Anayetaka kuagiza visu vya porini visivyokunjwa asikimbilie bei ya jumla. Wenye navyo hulalamikia mambo mawili: kuvunjika na kutu. Kisu huvunjika mara nyingi pale bapa linapoingia mpinini. Msuka mfupi hauvumilii kupasulia kuni. Muulize muuzaji unaishia wapi. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Ka-Bar, kilichopokewa na Marine wa Marekani mwaka 1942, msuka wake hupenya hadi kitako cha mpini. Feleji yake hustahimili vishindo na hunoleka upesi, ila hushika kutu. Mwenye duka Mombasa au Tanga apake mafuta mara mzigo ufikapo, na asivihifadhi ndani ya ala za ngozi: ngozi hutunza unyevu, na kisu chenye madoa huuzwa kwa hasara.