Shamba bila karatasi

Sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali. Kwa mashamba ya kimila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais. Myaka mingi ikapita bila hiyo amri. Basi mkulima wa Masisi analima kwa ruhusa ya mwami, ao kwa salongo: siku za kazi kwa mwenye konsesio. Mkopo ukiomba dhamana, hana kitu cha kuonyesha. Hata miche ya kahawa ya bure haimusaidie: inangoja karibu myaka mitatu, na anaweza kufukuzwa mbele ya kuvuna.

Muandike mkataba: mipaka, myaka, malipo, mashahidi, sahihi ya chefu. Benki haitaukubali kama sertifika, lakini mwenye shamba atasita kuukana. Jina la mama liandikwe pia. Nakala moja ibaki kwa koperative.